Niliwaambia wasioweza wakae pembeni, sasa wanaondoka

Shikamoo Bi Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga mjini. Naendesha kikundi cha mazoezi cha mtaa. Tulianza watu watano, marafiki wa joging, tukikimbia kutoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi. Leo tunakaribia arobaini. Tunakutana Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa 11:45 alfajiri, watu wakishatoka msikitini. Mazoezi tunafanyia mchangani kule Raskazone kwa sababu kuna hewa, na mtu akianguka haumii. Kila mmoja anachanga shilingi 2,000 kwa mwezi, za spika na maji.

Sijasomea ukocha. Nilicheza mpira, na mengine nimejifunza kwa kuangalia video. Tunapasha viungo dakika tano, halafu tunaingia raundi nne: kichura 20, bapi 15 (kushuka chini, kurusha miguu nyuma, kuinuka na kuruka), pushapu 20, planki dakika moja (kujishikilia kifudifudi bila kugusa chini kwa tumbo), kisha mbio za kwenda na kurudi. Mtu akimaliza raundi nne lazima ahisi amefanya kazi. Ndivyo tulivyopata jina mtaani.

Tangu mwaka huu uanze wamejiunga watu wa aina nyingine, hasa akina mama. Yupo mmoja wa miaka 58, fundi cherehani, goti lake la kulia huvimba na anatumia dawa za presha. Yupo mwingine aliyejifungua miezi minne iliyopita. Yupo mzee aliyestaafu kazi ya bandari, mkono wake wa kushoto haujapata nguvu sawasawa tangu alipopata kiharusi.

Jumamosi moja, katikati ya bapi, yule fundi cherehani aliinuka ghafla, akayumba, akamshika mwenzake bega, akakaa chini. Niliogopa sana. Nikatangaza kwenye spika, "Wasioweza wakae pembeni wawapigie wenzao makofi." Akaenda kukaa pembeni, akapiga makofi mpaka mwisho. Hajarudi tena. Mwisho wa mwezi akamtuma mjukuu wake na shilingi 2,000. Mtoto akaniambia, "Bibi anasema hii ni ya spika."

Jambo la pili: kuna fundi simu wa miaka 26 anayetumia baiskeli ya matairi matatu ya kuendesha kwa mikono. Aliumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, miguu haifanyi kazi. Ameomba kujiunga. Nilimwambia nitampa jibu, hii ni wiki ya tatu. Naogopa akiumia lawama itaniangukia mimi.

La tatu: nilipopunguza bapi kutoka 15 hadi tano ili wote waweze, vijana walinuna. Wanasema mazoezi yamekuwa ya wazee, wanataka kujitenga wahamie Tangamano.

Nigawe kikundi viwili? Yule mama nimfuate au nitamwongezea aibu? Na huyu kijana nimwambie nini?

Ticha, Ngamiani

* * *

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale, kwenye ile shilingi 2,000 aliyokuletea mjukuu. Mtu aliyesusa haleti mchango. Huyo mama bado ni mwanakikundi. Alichokosa ni mahali pa kusimama. Nitarudi kwake.

Kikundi usikigawe. Ukiweka huku wenye nguvu na kule wasio na nguvu, tena Ngamiani ambako kila mtu anamjua mwenzake mpaka babu yake, utakuwa umetangaza nani mzima na nani mbovu. Baada ya miezi miwili kundi la pili litakuwa halina mtu, maana nani anaamka kabla ya jua kwenda kuitwa mbovu? Tena watu hawakai mahali pamoja. Kijana anayeruka leo, kesho atatoka kwenye ndondo na kifundo cha mguu kimevimba. Huyo mzazi wa miezi minne, mwakani atakuwa anawakimbiza.

Nakuambia haya nikiwa na deni moyoni. Nilifundisha haiba na michezo katika shule ya msingi kwa miaka mingi, na katika darasa langu moja alikuwamo binti aliyeugua polio utotoni. Kila kipindi cha michezo nilimweka chini ya mkungu alinde viatu vya wenzake. Niliona namhurumia. Miaka miwili alikaa pale akivipanga viatu jozi kwa jozi, vyote vikitazama upande mmoja. Siku moja nikapita mtaani kwao, nikamkuta anatoka bombani na ndoo ya lita 10 kichwani. Mkono mmoja umeshika ndoo, mwingine anaukandamiza juu ya goti la mguu wenye ugonjwa kila anapoukanyaga, ili goti lisikunjike. Hatua, mkono kwenye goti. Hatua, mkono kwenye goti. Alifika kwao na maji hayakumwagika. Mtoto yule alikuwa na shingo, mgongo na mizani kuliko nusu ya darasa langu, nami sikuwahi hata siku moja kumuuliza anaweza nini. Mpaka leo nikiona viatu vimepangwa mlangoni namkumbuka.

Kwa hiyo sikulaumu kwa ulilotangaza kwenye spika. Uliogopa, na kuogopa kwako kulikuwa kwa haki, mama alikuwa anaanguka. Lakini swali ulilojiuliza asubuhi ile lilikuwa "nani anaweza bapi na nani hawezi". Liache hilo. Jiulize hivi: bapi nimeiweka hapa ifanye kazi gani mwilini? Kila zoezi lina kazi yake. Kazi hiyo ukiishika vizuri, umbo la zoezi unaweza kulibadilisha mara kumi na kila mtu akatoka jasho lake.

Tuanze na kichura, maana hicho mimi mwenyewe nimewapa watoto kama adhabu, jambo ninalolijutia. Kazi ya kichura ni mapaja na makalio, nguvu ya kujiinua. Sasa chukua kiti cha plastiki, vile vya msibani na harusini, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mtu akae ukingoni mwa kiti, si nyuma kabisa. Nyayo ziwe na upana wa mabega, visigino vivutwe nyuma kidogo ya magoti. Ainamishe kifua mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, atoe pumzi, asimame. Halafu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, ashuke polepole kwa hesabu ya moja, mbili, tatu mpaka aguse kiti. Asijibwage. Jaribu mwenyewe mara 15 kwa kushuka hivyo uone kama mapaja yako yatakuambia ni zoezi la wazee.

Goti likilalamika, usimwondoe mtu kwenye kiti, ongeza kiti. Viti vya plastiki vinaingiana. Ukipachika viwili au vitatu, kikalio kinapanda juu na goti halikunjiki sana. Huyo mama aanze na vitatu, baada ya wiki kadhaa toa kimoja. Aliye na nguvu afanye bila kiti. Mwenye nguvu zaidi akumbatie dumu la maji la lita tano, ambalo ni kilo tano na ushee. Anayetaka zaidi ya hapo ndiye aruke kichura. Unaona? Zoezi ni moja, muda ni mmoja, muziki ni mmoja, na hakuna aliyekaa pembeni.

Bapi nayo ina historia ambayo vijana wako waijue. Imepewa jina la Mmarekani mmoja, Royal H. Burpee, aliyeibuni miaka ya 1930 kama kipimo cha haraka cha utimamu wa mwili. Umbo lake la kwanza lilikuwa hatua nne tu: chuchumaa uweke mikono chini, peleka miguu nyuma, irudishe, simama. Halikuwa na pushapu wala kuruka, hivyo viliongezwa baadaye. Wala yeye hakuibuni watu waifanye mara sitini alfajiri moja. Nawe piga hesabu: raundi nne za bapi 15 ni sitini.

Kazi ya bapi ni kuupandisha moyo kwa kutumia mwili wote. Basi yule mama asishuke mchangani. Aweke mikono kwenye ukingo wa baraza au ukuta mfupi wa kiunoni, arudishe mguu mmoja nyuma, halafu wa pili, arudi mbele mmoja mmoja, asimame na kunyoosha mikono juu. Afanye haraka kwa kadiri ya pumzi yake. Kizunguzungu alichopata kinaweza kuwa kimetokana na kule kuinamisha kichwa mpaka chini na kuinuka ghafla, na dawa za presha zinaweza kuzidisha jambo hilo. Mikono ikiwa juu ya baraza kichwa hakishuki sana. Hata hivyo asirudi mazoezini kabla ya kupita zahanati kupimwa presha na kueleza alivyoyumba siku ile, na hilo goti linalovimba pia alitaje. Hapo usijifanye daktari, mwanangu.

Planki nitaisema kwa ufupi. Kazi yake ni kiwiliwili kujishikilia, nacho kitajishikilia vilevile mtu akiegemea ukuta kwa mikono, akiegemea meza, au akiwa magotini. Ila asibane pumzi, hasa mwenye presha. Waambie wahesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kubana pumzi. Na liko jambo hukuliandika ila nalijua kwa kuwa mimi ni mwanamke wa hapa hapa: akina mama wengi hawapendi kulala chali wala kifudifudi ufukweni, na dera zao, mbele ya wanaume na wapita njia. Wanakaa kimya, halafu wanaacha kuja. Kila zoezi la chini liwe na mwenzake wa kusimama. Badala ya siti-ap, mtu asimame, mikono nyuma ya kichwa, apandishe goti likutane na kiwiko cha upande wa pili. Aliyeshindwa kupandisha goti akiwa amesimama afanye akiwa kitini.

Mbio ndizo zinazowaumbua watu kuliko yote, maana wa mwisho anaonekana na kila mtu. Acha kuwaambia wakimbie hadi mahali fulani na kurudi. Waambie waondoke, kila mmoja kwa mwendo wake, anayekimbia akimbie, anayetembea atembee. Baada ya dakika nne piga filimbi, na ikilia kila mtu anageuka pale pale alipo. Waliokuwa mbele sasa ndio walio mbali. Kama kila mmoja atashika mwendo wake uleule, wote mtafika mlikoanzia karibu kwa pamoja, mwenda pole na mwenda mbio. Nilichelewa kuijua mbinu hii, nayo ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote katika kazi yangu. Watoto walikuwa wanafika wakicheka, hakuna anayejua nani alikuwa wa mwisho.

Halafu hesabu ya mara ngapi uiondoe. Ukisema "bapi 15", umeshatenga wa kumaliza na wa kutomaliza. Tumia saa: sekunde 40 za kazi, 20 za kupumzika. Katika sekunde hizo 40 mmoja atafanya 14, mwingine sita, na wote watasikia filimbi pamoja. Vijana wako waliolalamika walikuwa na haki kidogo, nakwambia kweli. Ulipopunguza hadi tano ulimchukulia mwenye nguvu kazi yake bila kumwongezea mwingine chochote. Kwa saa hakuna anayepunguziwa. Anayetaka kuchoka sana, mwambie ashuke kwa hesabu ya tano badala ya tatu, au ainuke kwenye kiti kwa mguu mmoja, au abebe dumu. Watakaa Raskazone, hawatakwenda Tangamano.

Kipimo cha nguvu kiwe pumzi ya mtu mwenyewe. Akiweza kuimba, anaweza kuongeza. Akiweza kusema sentensi nzima lakini kuimba hawezi, yuko kwenye mwendo wa kati. Akitamka maneno mawili tu ndipo avute hewa, huo ni mwendo mkali, na mgeni asikae hapo muda mrefu. Usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, kwa sababu baadhi ya dawa za presha na moyo huyazuia yasipande; mtu atakuwa amechoka kweli na kidole chako mkononi mwake kitakuambia hajachoka.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kati kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Wewe una siku tatu. Zikiwa dakika 50 kila moja, 150 imetimia. Mwongozo huo unawataja waziwazi watu wenye ulemavu, wenye maradhi ya kudumu, wajawazito na waliojifungua. Kwa hiyo ukimpokea huyo fundi simu hufanyi sadaka. Ni stahili yake kama yako.

Naye leo hii mpe jibu. Wiki tatu ni nyingi kumweka mtu mlangoni. Mwambie karibu, na umwombe radhi kwa kumchelewesha. Halafu muulize, usimkisie: mgongo uliumia sehemu gani, mikono na kiwiliwili vina nguvu kiasi gani, kuna mahali hahisi, daktari alimkataza nini, anataka apate nini kwenye mazoezi. Ameishi na mwili huo kila siku tangu ajali, anaujua kuliko wewe na mimi.

Utagundua kwamba kizuizi cha kwanza ni mchanga wako. Matairi yatazama, atahitaji watu wanne wa kumbeba, na mtu mzima hataki kubebwa kila Jumatatu. Mchanga huohuo unamyumbisha mzee wa kiharusi na kumpinda goti yule mama. Hamisha shughuli iwe kandokando ya lami au mahali pa sakafu ngumu, palepale Raskazone, upepo utaupata uleule. Wanaopenda mchanga watashuka wakati wa mbio.

Watu wanaoendesha kwa mikono mabega yao hufanya kazi ya kusukuma kutwa nzima, na mabega hayo ndiyo yanayochoka na kuumia mapema. Usimrundikie pushapu. Mpe kazi ya kuvuta. Hapa Tanga, mji wa baiskeli, hutakosa tyubu la baiskeli lililochakaa; kila fundi baiskeli analo analotaka kulitupa. Likate, ulifunge kwenye nguzo kwa usawa wa kifua, avute ncha mbili mpaka viwiko vipite mbavu na mabawa ya mgongo yakutane, halafu arudishe polepole. Ukilikunja mara mbili linakuwa zito. Tena hilo zoezi mpe kila mtu, mafundi simu na mafundi cherehani wote wanakaa wamejikunja kutwa. Wakati wa bapi yeye afunge breki, apeleke mikono chini kadiri anavyofika, aipandishe juu kwa kasi, ngumi, ngumi, chini tena. Ndani ya dakika mbili pumzi itakuwa juu kama ya wengine. Wakati wa planki, ashike tyubu kwa mikono miwili mbele ya kifua, mwenzake alivute kwa ubavuni, naye akatae kupinduliwa. Ila kama kiwiliwili chake hakijishikilii vizuri, mtu asimame karibu naye mpaka mjue.

Muulize pia kuhusu joto. Baadhi ya waliokatika uti wa mgongo hawatoki jasho sehemu iliyo chini ya jeraha, na mwili unashindwa kujipoza. Na jasho la Tanga unalijua, hasa miezi ya kaskazi. Awe kivulini, awe na chupa ya maji ya kujimwagia shingoni na mikononi. Na asikae muda mrefu juu ya mkunjo wa nguo au kitu kigumu mahali asipohisi, vidonda huanzia hapo.

Mzee wa kiharusi mpe kiti cha kushika kwa mkono wenye nguvu, na ule dhaifu usiachwe ukining'inia: kwenye pushapu za ukutani auweke nao ukutani, hata kama unabeba kidogo tu. Mzazi wa miezi minne asikimbilie kuruka. Mkojo ukimponyoka, au akihisi uzito kule chini, misuli ya nyonga haijarejea. Abaki kwenye kiti na kutembea, amwone muuguzi, na wewe usimwambie neno hilo mbele ya watu. Mwachie mwanamke mwenzake. Wenye kisukari wanaochoma insulini au kumeza dawa zinazoshusha sukari waje na kitu kitamu mfukoni. Mwezi wa Ramadhani hamisha saa, fanyeni jepesi karibu na futari au baada ya tarawehe.

Haya yote utayajua vipi? Kwa kuuliza faraghani. Usipitishe daftari mkono kwa mkono kila mtu asome maradhi ya mwenzake. Mtu mpya akija, tembea naye pembeni dakika tano kabla ya wengine kufika, muulize: unatumia dawa gani, wapi panauma, umewahi kuzimia, kifua kimewahi kubana? Aliyejibu ndiyo kwa kifua au kuzimia aanzie kwa daktari. Na wote waambie wazi wazi, kwenye hiyo spika, kwamba ukiona kifua kinabana, pumzi hairudi hata ukipumzika, moyo unadunda ovyo, ulimi unakuwa mzito au upande mmoja unalegea, unasimama hapo hapo na kusema, na safari ni hospitali, si kivulini. Kwa maumivu ya goti ya kawaida kuna kipimo kingine: yakiwa madogo na yakaisha kabla ya kesho yake asubuhi, endelea hivyohivyo, yakilala nawe mpaka kesho au goti likivimba, umezidisha, punguza.

Sasa lugha ya spika. Neno "wasioweza" lisisikike tena. Hata "hii ni ya akina mama" au "hii rahisi" uyaache. Kila zoezi anza kulionyesha kwa umbo lake la kiti, wote mlifanye hivyo sekunde 40 za kwanza, vijana wako nao. Huo ndio mlango, na wote wanapitia mlango mmoja. Kisha sema, "Anayetaka apande." Anayepanda apande, anayebaki abaki, hakuna aliyeshushwa. Na anayesimama mbele kuonyesha umbo la kiti awe yule kijana wako mwenye mabega makubwa kuliko wote. Usimweke mama. Watu wakimwona yule bingwa anashuka kwenye kiti kwa hesabu ya tatu na jasho linamtoka, hutahitaji hotuba. Onyesha kwa mikono pia, na uso wako uwaelekee watu, kuna wasiosikia vizuri ambao hawajakuambia. Na kama atakuja asiyeona, eleza kwa maneno mguu uko wapi na mkono uko wapi, wala usimguse kabla ya kumwomba ruhusa.

Nimalizie na fundi cherehani. Mfuate, na usimpigie simu. Nenda jioni, anapofunga kazi, wewe peke yako, bila wajumbe wa kikundi. Shikamoo yako iwe ya kweli, na ukishakaribishwa sema kosa lako kwa jina lake: "Mama, siku ile nilikosea kukuweka pembeni. Zoezi ndilo lililokuwa halijapangwa vizuri, si wewe." Usianze na presha wala goti, hayo mtayafikia. Mwonyeshe lile zoezi la kiti hapo hapo kwenye kiti chake cha cherehani, muulize kama anaona linafaa na angelibadilisha vipi. Miguu inayokanyaga cherehani kutwa ina mambo ya kukufundisha. Akisema atafikiri, mwache afikiri, upite tena wiki inayofuata.

Na ile shilingi 2,000 usimrudishie, hata kama unaona haya kuishika. Ameshalipa mwezi huu. Jumamosi, kabla hujawasha spika, azima viti vya plastiki kwa wenye kukodisha, upange mstari mmoja kando ya lami, na cha kwanza upande wa kivuli, vile vitatu vilivyopachikwa pamoja, kiwe chake.